Wapakataji wa Majengo

1

Mguu wangu wa kulia ulikufa ganzi nikiwa kwenye foleni ya maandazi. Mara ganzi ikaisha, maumivu yakapanda kutoka kwenye kifundo mpaka kiunoni, na nikajikuta nimemng'ang'ania mama muuza maandazi begani huku karai la mafuta likichemka katikati yetu.

"We dada, vipi? Utatuunguza!"

"Samahani mama. Ni jengo."

Akakitazama kiganja changu, akaliona lile kovu dogo ambalo Bodi huliacha ikikupachika chombo cha muhuri. Hasira yake ikaisha palepale. Akanisogezea ndoo iliyofunikwa, nikakaa.

"Lako, au la mtu?"

"La mtu."

"Ndiyo maana," akasema, akawageukia wateja wake.

La mtu, ndiyo. Naitwa Nyemo Chilongani, mhandisi mhitimu wa majengo, na tangu nitoke chuo sijawahi kuumwa maumivu yangu mwenyewe. Huwa naumwa ya Mhandisi Komanya.

Zamani, kabla sijazaliwa, ghorofa moja lilianguka katika soko la Chiluwe mchana kweupe. Aliyelipigia muhuri alikuwa nje ya nchi, akatuma rambirambi. Watu walikasirika mpaka Bunge likaogopa, ikapitishwa sheria ambayo kila mtoto wa jiji hili anaijua: apigaye muhuri ahisi. Tangu siku hiyo ghorofa halijengwi bila nyuzi za hisia ndani ya zege, na mhandisi hapewi leseni bila kupachikwa chombo kiganjani. Nguzo huongea na miguu, boriti huongea na mbavu, paa na shingo. Jengo likielemewa, mwenye leseni anaelemewa, hata awe wapi. Ni sheria nzuri. Naipenda mpaka leo.

Kilichoiharibu ni kanuni. Bodi ilikaa kimya kidogo, watu walipopoa ikatoa kanuni ndogo: mwenye leseni, kwa nia ya kukuza uzoefu wa vijana, anaweza kumpakatisha mhandisi mhitimu hisia za jengo lake. Kumpakatisha! Walichagua neno hilo kwa makusudi, wakijua litatulainisha, maana nani anakataa kumshikia jirani mtoto akiingia dukani mara moja? Basi unampakata mtoto wa watu miaka sita ndipo ufikiriwe kupewa leseni. Mwenye mtoto humwoni tena. Na kanuni hiyohiyo inasema kauli juu ya hali ya jengo ni ya mwenye muhuri peke yake. Mpakataji akifungua mdomo mbele ya mtu mwingine, amejifanya mhandisi, na hilo ni kosa la jela. Kwa hiyo katika jiji letu anayehisi haruhusiwi kusema, anayeruhusiwa kusema hahisi, na wote tunaitana wataalamu.

Niliinuka kwenye ile ndoo, nikachechemea mpaka ofisini kwa Komanya.

Ofisi yake iko ghorofa ya tisa. Lile jengo amelipakata Sekela, rafiki yangu ninayeishi naye chumba kimoja, ndiyo maana huwa napanda ngazi zake kwa kunyata. Komanya aliniona, akaweka kiganja kifuani. Hiyo ndiyo salamu ya wenye muhuri kwetu. Hawatupi mkono ng'o, kwa sababu kulirudisha jengo ni kugusanisha kiganja na kiganja na kutamka maneno yake tu, na mwenye mali haombwi ridhaa ili arudishiwe mali yake. Anayepokea cha mwenzake ndiye anayetakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba anapokea.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, Nyemo. Mbona unachechemea?"

"Nguzo za mashariki, jengo la wazazi pale hospitali mpya. Tangu wajaze matangi ya maji kule juu, mguu wote wa kulia umekwisha."

"Umekunywa dawa?"

"Dawa ya nini, Injinia? Mimi siumwi. Msingi unazama. Ule udongo mweusi umeshiba mvua, na juu yake kuna ghorofa sita. Ramani uliyoipigia muhuri ni ya ghorofa nne."

Komanya si mjinga. Alinifundisha mwaka wa tatu chuoni, na kila nijualo kuhusu udongo mweusi nililipata kwake. Aligeuza macho dirishani.

"Mbili ziliongezwa kwa maelekezo."

"Maelekezo ya nani?"

"Maelekezo, Nyemo." Alilitamka kana kwamba maelekezo huja yenyewe, kama mvua. "Halafu sikiliza, mwanangu. Wewe unahisi. Kuhisi siyo kujua. Ukishapata leseni mwezi ujao, utajua."

"Jengo linafunguliwa Jumamosi."

"Basi Jumamosi utakuwa hujapata leseni."

2

Kanuni inamtaka mpakataji alitembelee jengo lake, alikague kwa macho na kunyamaza. Nilikwenda mchana wa siku ileile.

Matroni Zamoyoni alikuwa ghorofa ya pili, amekunja mikono ya gauni, anawaelekeza wahudumu wapi pa kuweka vitanda. Ni mama mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na nusu ya watoto wa Chiluwe wamepita mikononi mwake. Alinijua kwa kovu na kwa mwendo.

"Karibu, mpakataji. Njoo uone raha! Kule wodi ya zamani wanalala wawili kitanda kimoja, na wa tatu chini. Jana mama kajifungua kwenye korido, mwenzake kamshikia khanga. Jumamosi jioni wote wako hapa."

Nikatembea naye. Kila nilipokanyaga upande wa mashariki, kitanda kilipoburutwa, nilihisi kisu gotini. Ukutani hapakuwa na kitu cha kuona. Lipu mpya, rangi ya maziwa, hata ufa wa unywele haukuwapo. Nyufa zinakuja mwisho, zikishakuja unakimbia.

Matroni alisimama akanitazama usoni.

"Unatokwa jasho kila tukifika huku mashariki, mwanangu. Jengo liko sawa?"

Kuna maneno tunayofundishwa kwa swali hilo, na niliyasema. "Msemaji ni mwenye muhuri, Matroni."

"Nimekuuliza wewe."

"Najua."

"Mimi mama akija hapa anasema anasikia uchungu, simwambii asubiri mumewe ndiye anithibitishie. Nakuuliza wewe unayeumwa."

Ningesema, ningekamatwa kabla ya magharibi, na Komanya angetoa kauli moja ya kitaalamu kwamba msichana amechanganyikiwa na maumivu, jambo ambalo huwapata wapakataji. Jengo lingefunguliwa vilevile. Nisingebaki na leseni wala nafasi ya kuipata tena. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa: walioitunga kanuni ile walihakikisha kwamba ujasiri wetu hauna faida kwa mtu yeyote.

"Injinia atakuwa wapi kesho?" nikamuuliza.

"Semina ya Bodi, pale ukumbi wa jiji. Na mimi nimealikwa, nikabidhiwe funguo mbele ya waandishi. Kwa nini?"

"Kaa mbele," nikamwambia. "Na ubebe kipimo cha presha."

3

Sekela alikuwa anamenya viazi niliporudi. Nilimweleza kila kitu, na kisu kikasimama mkononi mwake.

"Unataka kumrudishia? Hadharani?"

"Ni lake."

"Nyemo, yule mzee ana presha. Tumemwona anameza vidonge kwenye mikutano. Wewe umezoea, mwili wako umefundishwa kidogo kidogo. Yeye hajahisi hata bawaba ya mlango miaka ishirini. Ukimtupia nguzo nzima kwa mpigo, si utamuua?"

Akilini nilimwona Komanya akianguka. Nikawaona na wale wajawazito, wawili kwa kitanda, wakipandishwa kwenye lifti mpya wakicheka.

"Na miaka yako sita?" Sekela akaendelea. "Ukirudisha kabla ya muda inafutwa yote. Umebakiza mwezi! Mwezi, mwenzangu!"

"Kwa hiyo nifanyeje? Nisubiri mwezi?"

"Sijasema hivyo."

"Nikipata leseni wananivua hili jengo, wanampakatisha mwingine. Sitakuwa na kauli juu yake hata siku hiyo. Hakuna siku, Sekela, hakuna hata moja, ambayo mtu anayeumwa na lile jengo ataruhusiwa kusema linaumwa. Wametengeneza hivyo. Wamekaa mezani, wakanywa chai, wakatengeneza hivyo."

Nilikuwa napiga kelele. Sekela aliweka kiazi chini, akafuta mikono.

"Kama ataanguka?"

"Matroni atakuwapo. Na akianguka, nitakuwa nimemwangusha kwa mzigo wake. Yeye ananiangusha kwa mzigo wake kila siku, na hajawahi kukosa usingizi."

Sekela akachukua simu yake akaanza kuandika.

"Unamwandikia nani?"

"Wenzetu. Semina za Bodi ni sisi tunaogawa chai."

4

Mada aliyopewa Komanya ilikuwa Maadili ya Mhandisi. Sitanii. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwenye kitambaa cha bluu nyuma ya jukwaa.

Wakubwa walikaa mbele, Msajili wa Bodi katikati yao, Matroni Zamoyoni pembeni na mkoba wake mapajani. Waandishi walisimama ukutani. Komanya aliongea vizuri kama kawaida yake. Alisema leseni ni dhamana ya jamii. Alisema muhuri ni moyo wa mhandisi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei, nimeegemea mguu wa kushoto.

Alipomaliza nilipanda jukwaani. Niliweka trei chini, nikapiga goti kama binti anayemsalimia baba yake, nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto nikaushikiza chini ya kiwiko.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

Kamera zote zilimgeukia. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari uko kifuani, na niliona anavyoutafakari. Mzee gani, mbele ya watu, anamwacha binti amepiga goti na mkono hewani? Akautoa. Viganja vyetu vikakutana.

"Marahaba."

"Nakurudishia kilicho chako."

Mguu wangu uliachiwa. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimesahau kwamba mguu ni kitu kisicho na habari. Komanya alitoa sauti ndogo, akashika meza ya kuhutubia kwa mikono miwili, goti lake la kulia likakunjika. Ukumbi ukashtuka. Matroni aliinuka.

Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwa sababu kuuliza hakuhitaji leseni: "Injinia, jengo la wazazi likoje?"

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Alijua sasa. Alihisi kila tofali nililolihisi, kwa mwili usiozoea, na mwili huo ulikuwa na elimu kuliko wangu. Nilimsubiri. Niliamini kabisa, na hapo ndipo nilipokosea hesabu, kwamba mtu akiumwa vya kutosha atasema kweli.

"Liko imara," Komanya akasema. Meno yalikuwa yamebanana. "Liko... imara kabisa. Kesho tunafungua."

Wakapiga makofi! Nilitamani kuling'oa lile zulia la jukwaani niwafunike nalo wote. Mtu amepinda mbele yao kama msumari, na wao wanapiga makofi kwa sababu mwenye muhuri ametamka.

5

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akiburuta mguu. Msajili alimfuata, mimi nikawafuata, Matroni naye nyuma yangu.

Kwenye korido walikuwa wamepanga mstari wahandisi wahitimu, wenye trei na chupa za chai. Sijui Sekela aliwaita wangapi, ila korido ilijaa. Komanya alipowaona uso wake ulipata nafuu. Akamwendea kijana wa kwanza, akanyoosha mkono, yule ambaye hakuwahi kumpa mhitimu mkono maishani mwake.

"Kijana, pokea. Sema unapokea. Nitakupunguzia miaka miwili."

Kijana aliweka chupa ya chai chini, akaficha mikono mgongoni.

"Binti, wewe. Mitatu. Pokea tu, mpaka Jumapili."

Binti akaficha mikono mgongoni.

Akaenda hivyo, mmoja mmoja, na mkono wake ulioloa jasho mbele. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyecheka. Trei zilishuka sakafuni, mikono ikaenda nyuma. Wengine walikuwa wanalia, maana kuna waliokuwa wamebakiza muda mfupi kama mimi, na Msajili alikuwa anawatazama nyuso. Alipofika kwa Sekela alikuwa hawezi tena kusimama sawasawa.

"Sekela. Wewe tayari ni wangu. Nimekulea."

"Jengo la ofisi yako ninalo, Injinia," Sekela akasema. "Hilo la wazazi ni lako."

Komanya akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Matroni Zamoyoni alipita katikati yetu, akachuchumaa mbele yake kwa shida, akamfunga kipimo cha presha mkononi. Alikisoma, akatikisa kichwa, akatoa kidonge mkobani akamwekea chini ya ulimi.

"Haya baba. Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Usibane. Ukibana unaumia zaidi. Nimeona wengi wanabana wakidhani ni ushujaa. Pumua, halafu uniambie, wapi?"

"Huku," akasema, akagusa paja.

"Ndiyo mashariki hiyo?"

"Ndiyo."

"Na inapungua au inaongezeka?"

Alikuwa mzee mwenye shahada tatu, amekaa sakafuni, akiulizwa maswali ambayo Matroni huwauliza wanawake kila asubuhi. Akaanza kulia.

"Inaongezeka. Ghorofa mbili za juu zishushwe. Matangi yamwagwe sasa hivi. Asiingie mtu, mama. Asiingie mtu hata mmoja!"

"Injinia!" Msajili akafoka. "Hiyo ni kauli?"

"Ndiyo kauli yangu. Nimesema. Iandike."

Matroni alikuwa keshachukua simu, anawapigia watu wake waache vitanda watoke nje.

Ndipo Msajili akanigeukia. Nilidhani anaita polisi. Kumbe alinivuta pembeni, akatoa sauti ya chini, sauti ya mtu anayekufanyia hisani.

"Nyemo, kauli imeshatolewa. Ulichotaka umekipata, si ndiyo? Lakini mzee hawezi kukaa na hali hii, na kubomoa si jambo la leo. Kuna zabuni, kuna tathmini, kuna fedha. Kule kurudisha kwako sijakuingiza kwenye mtambo bado. Ukipokea sasa, tutahesabu halikutokea. Miaka yako sita ipo palepale, na mwezi ujao nakuapisha mwenyewe. Ukikataa, inafutwa yote, na Bodi itabidi itazame mwenendo wako. Fikiri kama mtu mzima."

Komanya alisikia. Aliinua mkono kutoka pale sakafuni, kiganja juu.

"Nipokee, mwanangu. Mpaka wabomoe tu. Nimeshasema ukweli, jamani, ninyi mnataka nini zaidi?"

Nilimwonea huruma. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu huruma ile ndiyo waliyoitegemea siku zote, ndiyo iliyotupakatisha mji mzima. Niliutazama ule mkono. Niliifikiria miaka yangu sita, usiku wa kugeukia upande mmoja tu kitandani, mama yangu kijijini ambaye keshawaambia majirani wote kwamba binti yake ataapishwa. Midomo yangu ilishafunguka. Nilibakiza neno moja.

"Zabuni itachukua muda gani?" nikamuuliza Msajili.

"Inategemea bajeti ijayo."

Nikaiweka mikono mgongoni.

"Likiwa mwilini mwangu litasubiri bajeti," nikamwambia. "Likiwa mwilini mwake mtalibomoa leo. Pole sana, Injinia."

Miaka yangu ilifutwa kabla sijafika kituo cha basi. Simu ilinijulisha, kwa lugha ya heshima. Magari ya kubomolea yaliingia hospitali ya Chiluwe kabla ya saa kumi alasiri ya siku ileile, na ving'ora mbele. Sijawahi kuona Serikali ikikimbia namna ile.